Sikio la Bayadir

Fundi Mazhar, au Abu Wadah kwa jina la heshima, ambaye karakana zote za Bayadir mjini Amman zilimwita Sikio, alikuwa hasikii tena sauti yoyote nyembamba. Ndege ndio waliotangulia kuondoka. Msimu wa zeituni wa mwaka juzi alikuwa amekaa chini ya mzeituni wa mkwewe, akashangaa mbona mwaka huu ndege wamehama, na mkewe Najla akamwambia ndege wamejaa tele juu ya kichwa chake na mmoja amekwisha kumnyea begani. Baada ya ndege ikafuata filimbi ya birika, kisha kengele ya mlango, kisha simu, kisha wajukuu zake, ambao aliwaona wakifungua na kufunga vinywa, naye akawapa peremende kwa lolote walilosema. Wajukuu hawakulalamika. Sauti nene zilibaki zote: malori, muadhini, majirani wakigombea mahali pa kuegesha gari.

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa uzee tu, mambo ya miaka sitini na mmoja. Kwake ulikuwa msiba, maana alikuwa amekula kwa sikio miaka thelathini na mitano.

Hakuwa na kibao mlangoni. Mtu aliyeulizia aliambiwa, nenda kwa Sikio, ukimpita muuza matairi. Kazi yake ilikuwa hivi: boneti inafunguliwa, redio inazimwa, mwenye gari ananyamazishwa, Abu Wadah anachukua bisibisi yake ndefu, anaiweka ncha kwenye injini na mpini nyuma ya sikio, anafumba macho. Akiyafumbua anasema neno moja. Beringi. Mkanda. Pampu. Na huwa ni hilo. Amman ina vituo vya ukaguzi vinavyompa muuzaji karatasi iliyoandikwa “nzuri” mara saba, nne za pembe za chasisi na tatu za injini, giaboksi na difu, na mtu wa mji huu akishaziona nzuri saba haulizi tena. Muuzaji naye huzitaja kama anayetaja ukoo wa bibi harusi. Lakini karatasi haina masikio. Wenye akili, au wenye wasiwasi, walitoka kwenye ukaguzi wakaja kwake.

Masikio yalipoanza kumtoka alipata pa kujificha, tena bila kukusudia. Siku moja jaji wa mahakama ya rufaa alimletea gari lake akasema linalia. Abu Wadah alisikiliza, hakusikia kitu, na mdomo wake ukasema wenyewe:

“Uige huo mlio.”

“Niuige mimi?”

“Wewe ndiye unayekaa nao kila siku. Mimi nimeukuta leo.”

Jaji alitazama kushoto na kulia, akainua kidevu, akalia. Koo la binadamu halifiki juu kama beringi inavyofika, kwa hiyo sauti yake Abu Wadah aliisikia vizuri. Akamuuliza inalia gari likiwa limesimama au likienda, ikiwa baridi au ya moto, ukikanyaga mafuta au ukiachia, ukikata usukani au ukinyoosha. Kufika swali la sita alikuwa amekwisha kujua. Habari zikaenea kwamba Sikio ana mbinu mpya, na tangu hapo mtu akipita pale asubuhi aliweza kumkuta profesa wa chuo kikuu akivuma kama nyuki, au mfanyabiashara mwenye tumbo lake akibweka mbele ya gari lake na foleni ya watu nyuma yake ikifanya mazoezi kimyakimya. Hakuna aliyecheka. Waliamini anawapima.

Na ukweli usiopendeza ni kwamba katika miaka hiyo miwili alikosea mara chache kuliko zamani aliposikia. Jambo hilo lilimuudhi sana. Kama maswali sita yanatosha, basi ile bisibisi nyuma ya sikio, miaka yote ile, ilikuwa ya nini? Alijibu moyoni kwamba ilikuwa ya heshima, akaendelea kuishika.

Aliyejua siri ni Najla peke yake. Kila Ijumaa baada ya chakula alimwambia aende kwa daktari wa masikio, na kila Ijumaa jibu lilikuwa lilelile.

“Sikio aonekane kwa daktari wa masikio? Kabla sijashuka ngazi Bayadir nzima itakuwa inajua. Wiki ijayo utanikuta nauza chai kituo cha basi.”

“Chai yako mbaya,” Najla alisema. “Bora uende kwa daktari.”

Jumanne moja ya mwezi wa kumi, yapata saa nne asubuhi, magari matano yaliingia uani kwa mpigo na wakashuka wanaume wanane waliovaa suti. Abu Wadah alidhani wamekuja kuposa na wamepotea nyumba, kwa kuwa binti zake wote wamekwisha olewa. Aliyewatangulia alivaa joho juu ya suti: Brigedia mstaafu Abu Mutasim, mtu ambaye eneo zima la Wadi Sir humpelekea magomvi yake ayamalize kabla hayajafika polisi. Nyuma yake alikuja mpwa wake Qutayba, mfamasia wa miaka thelathini na minne, macho mekundu. Na nyuma kabisa, akihesabu tasbihi haraka kuliko dhikri yoyote inavyotaka, alikuja Haji Dirgham, muuza magari.

Gari la tano ndilo lililokuwa mgonjwa. Lilikuwa la Kijerumani, jeusi, milango miwili, turbo mbili, umri wa miaka minane, gari ambalo hata likisimama huonekana limechelewa mahali. Qutayba aliliota tangu akiwa mwanafunzi. Alilinunua kwa Haji Dirgham mwezi uliopita, nzuri saba mkononi, na wiki ya kwanza akaanza kusikia linalia mlio mwembamba. Mafundi watatu wenye kompyuta walilichomeka, kompyuta zikasema gari halina neno, na wao wakasema turbo zinakufa. Qutayba akaenda kwa Haji Dirgham kumwambia amemuuzia maiti. Haji Dirgham akaapa barazani kwa Brigedia, mbele ya watu, kwamba gari halina mlio wowote na kijana ana wazimu. Qutayba akamwita mwongo. Ikawa si ugomvi wa gari tena, ni wa heshima.

Kahawa ililetwa, kwa kuwa hata karakana ina adabu zake. Kila mmoja alipokea kikombe, na kila mmoja akakiweka chini mbele yake bila kukigusa. Abu Wadah alipoviona vikombe vinane vimekaa kwenye sakafu yenye oili, vikitoa mvuke, akajua wamekuja na ombi lisilokatalika.

“Abu Wadah,” Brigedia alisema, na sauti yake, namshukuru Mungu kwa niaba ya fundi, ilikuwa nene. “Sisi kwako tuna haja. Kahawa yako juu ya kichwa chetu, ila hatuinywi mpaka utupe haja yetu.”

“Kunyweni kwanza, Brigedia, itapoa.”

“Na ipoe.”

“Kama ni gari, yuko kijana hapo mtaa wa pili ana kompyuta kutoka Korea, hata ukipiga chafya inakwambia.”

“Kompyuta tumezimaliza. Hawa wawili wamekubaliana jambo moja tu tangu waanze kugombana, kwamba utakalosema wewe ndilo. Usikie, useme. Tumemaliza.”

Mafundi wa karakana za jirani walikuwa wamekwisha acha spana zao na kupanga mstari ukutani. Kumrudisha mtu mmoja na kahawa yake inawezekana, ukiwa na uso mkavu. Kuwarudisha wanane na brigedia ni kuhama mji. Abu Wadah akasema, kunyweni kahawa yenu, mmepata mlichokijia. Wakanywa, wakamshukuru, na yeye akaogopa kama hajawahi kuogopa tangu afungue ile karakana. Akikosea, mmoja wa watu wale wawili atatoka pale amedhulumiwa kwa neno lake. Akikiri, jina lake litakufa palepale uani, mashahidi wakiwa wamejipanga ukutani.

“Liwashe,” alimwambia Qutayba.

Qutayba akaliwasha. Abu Wadah aliusikia mngurumo wa chini, mzito, mzuri, injini ya watu wanaojua kazi. Juu ya mngurumo ule hapakuwa na kitu. Akachukua bisibisi, akaiweka nyuma ya sikio, akafumba macho. Mfupa ukamletea mngurumo uleule, umenona zaidi. Akazunguka upande wa pili. Hakuna.

“Uige,” akasema, akiwa bado amefumba macho.

Qutayba alikuwa amejiandaa. Akakunja midomo akatoa mlio wa mbu mwenye njaa, mrefu, mpaka pumzi ikamwishia.

“Uongo huo,” Haji Dirgham alisema. “Hilo ni gari la mbio, linapumua. Linafanya hivi.” Na yeye akakoroma, koromo zito la mtu aliyeshiba mansaf ya wali na nyama ya kondoo.

“Haji, hapo umejiigiza mwenyewe,” mmoja wa waliokuja na Brigedia alisema.

“Wewe ulikuwa chumbani kwangu?”

“Mkeo amewaambia majirani.”

Brigedia akakohoa, wakanyamaza. Abu Wadah alibaki amesimama katikati ya mbu na koromo. Pale ambapo kila mgonjwa alikuwa na mwigaji mmoja, leo wako wawili, na kila mmoja ana shauri lake. Mbinu ilikuwa imekufa. Akayafumbua macho ili angalau asiogope gizani, na ndipo alipowaona.

Watu wote waliokuwa uani walikuwa wamekunja nyuso kidogo. Si kwa hasira. Nyusi zimeshuka, kope zimejibana, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikia kijiko kikikwaruza sufuria. Hata mafundi wa ukutani. Hata yule Haji wa koromo, tasbihi mkononi, shavu moja lilikuwa likimcheza.

Abu Wadah aliweka bisibisi chini. Waliokuwepo walisimulia baadaye kwamba hapo ndipo Sikio alipopandwa na jazba, na wako walioapa kwamba alibadilika rangi.

“Kanyaga mafuta,” alimwambia Qutayba, akawatazama watu. Injini ikapanda, na nyuso zikakunjuka. “Achia.” Zikakunjika. “Kanyaga.” Zikakunjuka. Basi si turbo, aliwaza. Turbo inayokufa hulia ukiitumikisha, hii inalia ikipumzika. Na gari limesimama, kwa hiyo difu na beringi za magurudumu hazihusiki. Akazima injini, akaulegeza mkanda akautoa, akaliwasha tena kwa muda mfupi usioweza kuleta madhara. Nyuso zilibaki zimekunjwa. Si alteneta, si pampu. Akaurudisha mkanda bila haraka. Hofu ilikuwa imemwacha, na mahali pake pamekuja kitu alichokisahau siku nyingi, ile raha ya kuizungukia shida mpaka ikose pa kutokea.

Injini ikiwa inanguruma, aliweka mkono juu ya kifuniko cha oili, akajaribu kukifungua. Kilikataa. Kilikuwa kimenyonywa kwa ndani kwa nguvu isiyo ya kawaida. Akakizungusha, akakivuta kwa mikono miwili, kikatoka ghafla, na nyuso kumi na tano zikafunguka kwa pamoja. Aliyefunguka kuliko wote, mabega yakashuka na tasbihi ikasimama, alikuwa Haji Dirgham.

Akakirudisha kifuniko. Zikafunga. Akakitoa. Zikafunguka. Alikirudia hivyo mara nne, na mara mbili za mwisho, Mungu amsamehe, alikuwa anacheza nao tu.

“Zima,” alisema. “Turbo zako nzima, mwanangu. Injini nzima. Injini nayo inapumua, na hapa nyuma kuna kipumulio chenye ngozi ya mpira ndani, nyembamba. Ile ngozi imechanika. Hewa inavutwa kwenye upenyo mdogo, inapiga mbinja. Ukifungua kifuniko, hewa inapata mlango mkubwa, inanyamaza. Kazi ya nusu saa.”

Qutayba aliliegemea gari lake akafunika uso. Alikuwa amekaa wiki tatu akiamini amenunua maiti, na sasa anaambiwa ni kipande cha mpira kinachoingia kwenye kiganja. Mafundi wa ukutani walitazamana. Mmoja akasema mwenzetu huyu hasikii gari, anasikia roho yake. Na hapo ingetosha, kila mtu angerudi kwake, kama gomvi lingekuwa la gari.

Brigedia alisimama.

“Mungu akuhifadhi, Abu Wadah. Sasa limebaki letu. Haji ameapa barazani kwangu gari halina mlio. Huyu mpwa wangu amemwita mwongo. Mmoja lazima amwombe mwenzake radhi, la sivyo hawa watu hawatasalimiana mpaka kaburini. Kwa hiyo wewe shuhudia, kwa jina la Mungu, mbele ya hawa wote. Mlio umeusikia, au hukuusikia?”

Haji Dirgham alikuwa anaitazama sakafu.

Neno moja tu, ndiyo, na mambo yamekwisha, tena kwa haki, kwa kuwa mlio ulikuwepo na Haji aliujua. Abu Wadah alilifikisha mpaka kwenye ulimi. Lakini alikuwa ameombwa kwa jina la Mungu, na alikuwa mtu wa kuswali, na katika maisha yake aliwahi kudanganya wateja kuhusu siku ya kumaliza kazi, jambo ambalo fundi yeyote husamehewa, ila kiapo cha uongo hakuwahi kukila. Akajikuta amechoka. Amechoka kutazama midomo, amechoka kutoa peremende, amechoka kushika bisibisi ya heshima.

“Sikuusikia,” akasema.

Brigedia akainua nyusi. “Hukuusikia?”

“Wallahi sikuusikia. Sisikii sauti nyembamba huu mwaka wa tatu. Mimi ni kiziwi, Brigedia.”

Haji Dirgham aliruka kama aliyechomwa. “Mmesikia wenyewe. Sikio hakuusikia. Sasa mlio usiosikiwa na Sikio ni mlio gani huo? Kijana aniombe radhi.”

“Kaa chini, Haji,” Brigedia alisema taratibu.

Hakuwa anamtazama Haji. Alikuwa anamtazama Abu Wadah, na macho ya mzee yule, aliyemaliza vita viwili na magomvi yasiyohesabika, yalikuwa yamelowa.

“Mnaona?” aliwaambia watu. “Mnamwona huyu? Ameukuta mlio mahali kompyuta tatu zimeshindwa. Ameushika kwa mkono, ameufungua na kuufunga mbele yetu kama bomba la maji. Halafu naambiwa hakuusikia. Kwa nini? Kwa sababu akisema ameusikia, mwenzake mwenye mvi ataitwa mwongo mbele ya watu. Amekubali kulivunja jina lake mwenyewe amsitiri Haji. Amejiita kiziwi. Sikio amejiita kiziwi.”

Mguno wa kuridhika ulipita uani. Mtu mmoja alitoa leso.

“Jamani,” Abu Wadah alisema, “mimi ni kiziwi kweli.”

“Mungu akuzidishie,” walimjibu watatu kwa pamoja.

“Najla anajua, muulizeni mke wangu. Sisikii hata birika.”

“Tosha, Abu Wadah,” Brigedia alimwambia kwa upole, akimshika mkono. “Umeshatufundisha. Usituaibishe zaidi.”

Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa kwa mapenzi. Na Haji Dirgham, ambaye alikuwa ameshinda gomvi lake kwa kiapo cha Sikio, alisimama akiwa na uso wa mtu aliyevuliwa nguo. Alimwendea Abu Wadah akambusu bega. Kisha akageuka, akasema kwa sauti ambayo hata Abu Wadah aliisikia:

“Niliusikia. Niliusikia siku niliyolinunua na siku niliyoliuza. Nilifungua redio.”

Akambusu Qutayba kichwani, Qutayba akambusu yeye, Haji akasema kipande hicho na kazi yake ni juu yangu, Qutayba akasema haiwezekani, wakaanza kugombana upya juu ya nani atakayelipa, gomvi la furaha hili, la kuvutana mashati. Kahawa ikaletwa tena. Haki ilikuwa imetendeka, mwenye kosa ametubu, ndugu wamepatana, na kitu pekee cha kweli kilichosemwa pale uani kwa kiapo hakikuaminiwa na mtu.

Adhuhuri Abu Wadah alifunga mlango akarudi nyumbani. Najla alikuwa ameandaa dengu na vitunguu. Alimsimulia yote, akitazama sahani, na aliposimulia Brigedia alivyolowa macho, Najla alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kisha aliuona uso wa mumewe, akaacha.

“Unalia, Mazhar?”

“Siku hii nimeiogopa miaka miwili,” Abu Wadah alisema. “Usiku nalala nayafanyia mazoezi maneno. Leo nimeyasema. Nimeyasema mara tatu. Hakuniamini mtu hata mmoja, Najla. Hata kwa bahati mbaya.”

Najla aliinua kiti chake akazunguka meza, akakaa mahali ambapo mumewe angeuona mdomo wake vizuri.

“Basi Jumamosi twende kwa daktari.”

“Wataniona naingia.”

“Wakuone. Watasema amekwenda kumsikilizia daktari mashine yake.”

Kile alichokiogopa kilikuwa hakiwezekani tena.

Jumamosi walikwenda Jabal Amman, kwa Daktari Nabih, kliniki safi yenye kibanda cha kioo. Daktari alisoma jina kwenye fomu, akainua kichwa.

“Bayadir? Wewe ndiye Sikio?”

“Ndiye,” Najla alisema.

“Kabla hatujaanza,” daktari alisema, akafunga mlango, akalegeza tai, na akaliigiza gari lake kwa ustadi mkubwa. Abu Wadah akamuuliza maswali manne akamwambia mkanda. Daktari aliandika mkanda kwenye karatasi ya dawa, akaitia mfukoni, ndipo akakumbuka kumuuliza anaumwa nini. Najla akaeleza. Daktari alitabasamu tabasamu la mtu aliyesikia habari za Jumanne, akasema hata hivyo kupima si vibaya.

Alimweka ndani ya kibanda, akamvika vidude masikioni, akampa kitufe. Ukisikia mlio, hata mdogo namna gani, bonyeza. Daktari akakaa upande wa pili wa kioo, uso kwa uso, akaanza kuzungusha vidude vyake.

Abu Wadah alikuwa amekuja kuaminiwa. Hilo tulijue, na lihesabiwe kwa upande wake. Alikaa wima na kitufe chake, tayari kutosikia. Lakini daktari, kila alipotuma mlio, alikuwa na kawaida ya kuinua nyusi kidogo, namna ya mtu anayemwambia mtoto haya sasa. Nyusi zikainuka, na kidole cha Abu Wadah kikabonyeza. Hakukiamuru. Zikainuka tena, kikabonyeza. Daktari akatikisa kichwa kwa mshangao, akapandisha mlio juu zaidi, mahali pa kusikiwa na popo, nyusi zikainuka, kidole kikabonyeza. Miaka thelathini na mitano ya kuwa Sikio ilikuwa imehamia kwenye kidole kile, na kiburi kidogo kifuani kilikuwa kinafurahia kila mara kidole kilipopatia.

Daktari alifungua mlango wa kibanda na karatasi mkononi.

“Mashaallah,” alisema. “Mama, mumeo ana masikio ya kijana wa miaka ishirini. Nimepima marubani walioshindwa hapa.”

Najla alikuwa anamtazama mumewe tu. Hakukunja uso, hakukasirika. Alimtazama alivyomtazama siku ile ya ndege, na Abu Wadah, ambaye siku hizi hakukosea uso wa mtu yeyote, aliona kwamba mkewe amechoka kuwa peke yake anayejua. Hilo hakuwahi kuliwaza hata siku moja.

“Daktari,” alisema. “Rudi ukakae. Geuza kiti utazame ukuta, unipe mgongo. Tuanze upya.”

“Ya nini? Karatasi hii hapa.”

“Geuka, baba. Nakuomba.”

Daktari akacheka kidogo, akageuza kiti. Najla akasogea akasimama karibu na kioo, kisha akafikiri, na yeye akageuka. Abu Wadah akabaki na mgongo wa koti jeupe na kitambaa cha kichwa cha mkewe. Akakishika kitufe kwa mikono miwili, akasikiliza kwa bidii kuliko alivyowahi kuisikiliza injini yoyote, akangoja mlio wa kwanza. Bega la daktari likasogea, kama linalozungusha kitu. Abu Wadah akafumba macho, akaendelea kungoja.